Maua ya Nchi Kavu na Chumvi Tunayoyamwagilia Wenyewe

Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya wenye vitalu na wapenda bustani

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wenye vitalu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, nawashukuru kwa kuja. Sitapoteza muda kueleza ukame ni nini, kwa sababu wengi wenu mmetoka Kahe, Mwanga na Same, na mnaujua kuliko kitabu chochote. Nitasema jambo ambalo nimelisema katika mikutano mingi, na ambalo nitaendelea kulisema maadamu kila bustani ninayoitembelea bado ina mtu mwenye keni anayenyunyiza maji kidogokidogo kila jioni. Katika nchi ya joto na ukame, maua mengi hufa kwa chumvi tuliyoyapa sisi wenyewe, kabla jua halijapata nafasi ya kuyaua.

Nilijifunza hili Muscat, Oman, nilikofanya kazi ya bustani kwa miaka kadhaa. Mvua ya mwaka mzima kule ni kama milimita 100, ilhali jua na upepo vina nguvu ya kukausha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Nilikabidhiwa tuta refu kando ya ukuta, lililopandwa zinia na petunia, na msimamizi wetu aliagiza lipigwe maji ya mpira kila jioni, lita kumi kwa kila mita ya mraba, bila kukosa hata siku moja. Baada ya wiki sita kingo za majani zilianza kuwa kahawia kana kwamba zimebabuliwa na moto. Akaagiza tuongeze mbolea, na majani yakazidi kuungua. Asubuhi moja nikachukua kisu nikachimba chini ya zinia iliyokuwa ikifa, nikakuta mizizi yote imejikunja katika vidole vinne vya juu, na chini yake kuna vumbi kavu ambalo halijawahi kuonja maji. Juu ya udongo palikuwa na utando mweupe, na nilipoweka kidole ulimini nikajua ni nini.

Tulipoyapima maji ya kisima kile, tulipata gramu mbili za chumvi katika kila lita. Nawaomba mfanye hesabu pamoja nami, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha mhadhara wote. Lita kumi kwa siku ni gramu ishirini za chumvi, na siku hamsini ni kilo moja katika kila mita moja ya mraba, yaani pakiti mbili za nusu kilo za dukani zimemwagwa mahali ambapo mtu anaweza kusimama na kunyoosha mkono. Jua huchukua maji, wala halichukui chumvi. Mmea nao hunywa maji na kuiacha nje sehemu kubwa ya chumvi. Kila anayetengeneza kachumbari anajua kwamba kitunguu kikitiwa chumvi hutoa maji yake, na mzizi uliozungukwa na chumvi hupata shida hiyohiyo, kwa sababu udongo unaonekana umelowa na mmea unakufa kwa kiu katikati yake. Mbolea aliyoagiza msimamizi ilikuwa chumvi nyingine juu ya chumvi, kwa kuwa mbolea nyingi za viwandani ni chumvi.

Tuliacha kunyunyiza. Tulifungulia maji polepole alfajiri, mara tatu, mpaka yakazama kina cha mkono kutoka kiganja hadi kiwiko na kuisukuma chumvi chini ya eneo la mizizi. Kisha, miche mipya iliposhika, tukawa tunamwagilia kila baada ya siku nne, lita arobaini kwa mita ya mraba, na mara mojamoja tukizidisha ili chumvi isipande tena. Angalieni: lita arobaini kwa siku nne ni sawasawa na lita kumi kwa siku. Kiasi hakikubadilika sana, lakini mizizi iliyafuata maji chini, kwenye udongo wa ubaridi, na uso wa tuta ukabaki mkavu kwa siku tatu bila kulipa jua maji ya bure. Tuta lile lilichanua hadi mwezi wa nne.

Najua kuna anayetaka kuniambia kwamba udongo wake hukauka kila siku. Unakauka juu, mama yangu, na juu si mahali mmea unapopaswa kunywea. Chukua kipande cha nondo ukichomeke ardhini: kitapita kwa urahisi katika udongo wenye unyevu na kukwama kinapofika pakavu, nawe utajua maji yako yamefika wapi. Mwingine atasema majani yananyong'onyea saa nane mchana. Hata mmea wenye maji ya kutosha unaweza kunyong'onyea saa hiyo, kwa kuwa majani yanapoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoleta. Utazameni saa kumi na mbili asubuhi. Ukiwa umesimama wima, uacheni. Wa tatu atasema kwamba Moshi tuna maji ya mlima, na hilo ni kweli kwa Marangu na Kibosho, lakini tambarare za Kahe zina udongo wa chumvi na magadi ambao wakulima wa huko wameuhangaikia kwa miaka mingi, na maua hayana msamaha pale mahindi yaliposhindwa.

Kuhusu magadi niongeze neno, maana watu huyachanganya na chumvi ya kawaida. Udongo wa magadi, wenye sodiamu nyingi, hufunga, maji yakasimama juu kama kwenye sahani, kwa hiyo kumwagilia kwa kina peke yake hakusaidii. Hapo huchanganywa jasi, madini meupe laini, ile inayochimbwa Makanya wilayani Same, ambayo kalisi yake huiondoa sodiamu kwenye chembe za udongo ili maji yapite. Halafu ndipo maji mengi hupitishwa kuiosha hiyo sodiamu, na lazima yawe na mahali pa kutokea. Jasi bila maji ya kuosha ni fedha iliyotupwa.

Oman wana mifereji ya kale iitwayo falaj, na mitano kati ya hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Maji hugawanywa kwa muda, kila shamba kwa zamu yake, kama Wachaga walivyogawana mifongo, mifereji yao ya kutoka mlimani. Kwa kuwa zamu hurudi baada ya siku kadhaa, shamba hunywa likashiba, kisha husubiri. Wazee wa kule na wazee wa hapa walizoea kumwagilia kwa kina muda mrefu kabla ya mpira wa maji kutufundisha uvivu wa kila jioni.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nilikuwa na mengi ya mimea, kwa hiyo nitayapitia haraka. Mawaridi mashuhuri ya Oman hulimwa Jabal al Akhdar, kwenye mwinuko wa kama mita 2,000, kwa hiyo msiyachukue kuwa kielelezo cha tambarare. Kwa tambarare pandeni boganvilia, Portulaca grandiflora yenye majani manene, Catharanthus roseus yenye asili ya Madagaska, na waridi la jangwani, Adenium obesum, ambalo ni mzawa wa nchi zetu kavu na huoza likimwagiliwa kwa huruma. Petunia ziwekeni katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, kama Waomani wanavyozipanda Oktoba joto linapopungua. Viriba vyeusi visikae juani, kwa kuwa mizizi huiva ndani yake. Vifukieni nusu au vitieni kivulini. Matandazo ya majani makavu ya migomba yatandazwe kote, ila yasiguse shina. Mitungi ya udongo inayofukiwa kandokando ya mimea, ambayo Wachina waliiandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, nilitaka kuieleza kwa kirefu, lakini itasubiri siku nyingine.

Nje, nyuma ya ukumbi huu, kuna tuta la zinia ambalo nimeambiwa humwagiliwa kila jioni. Nondo ninayo hapa. Twendeni tukalichome kabla jua halijashika, na yule kijana mwenye daftari aandike imeingia vidole vingapi.