Kabla hujasema mtandao unasumbua, liangalie hilo faili

Kamwene jamani. Wa nyuma mnanisikia? Haya. Mwaka jana niliongea haya haya na mwaka huu nimerudi nayo, kwa sababu kila nikiuliza kwa nini potifolio ya fulani, ule mkusanyo wa kazi zake anaotakiwa kuupandisha kwenye mfumo, iko tupu najibiwa neno moja tu, mtandao. Sikatai, Kilolo kuna vijiji mpaka upande kilima ndo ushike mnara, nimeishi huko. Lakini kazi zenu nyingi zinazogoma zinagoma kwa sababu ya faili lenyewe, na faili lenyewe hamjaliangalia.

Kuna kijana mmoja, mlioisikia hii vumilieni, alikuwa mazoezi ya kufundisha huko huko Kilolo, kapiga picha za zana alizotengeneza kwa maboksi na vizibo vya soda, zana nzuri kweli kweli, mfumo ukazikataa. Na ukamwandikia kabisa kwenye skrini kwamba unapokea faili za aina ya jpg, png na pdf tu. Sasa simu yake ni iPhone, na iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017 zinahifadhi picha kwa fomati ya HEIC ili zisijaze simu. Akafanyaje? Akafuta heic mwishoni mwa jina akaandika jpg. Ikagoma, akarudia, ikagoma, usiku kucha, bando mbili zimekwisha, asubuhi kaacha vipindi kapanda gari mpaka mjini, ananiambia mkufunzi, mtandao.

Jamani! Ukimimina ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwenye chupa ya maji ukaacha na lebo yake ya maji, ni ulanzi tu, mtu akifungua kizibo ananusa anajua. Mifumo mingi nayo inanusa hivyo hivyo, haiishii kwenye jina, inasoma mwanzo wa faili. PDF ya kweli inaanza na alama ya asilimia halafu herufi PDF, docx ya Word inaanza na PK maana kwa ndani ni zip, yaani mafaili yaliyofungashwa pamoja, jpg nayo ina alama zake. Wewe umebadili jina, kilichomo ndani ni kile kile. Tulizifungua zile picha tukazihifadhi upya kama JPEG, ndo hiyo hiyo jpg, zikapanda zote kabla hajamaliza chai. Halafu tukaingia Settings, Camera, Formats, tukachagua Most Compatible, kuanzia hapo simu inapiga jpg yenyewe. Siku nzima ya wale watoto wa darasa la tatu ilipotea kwa kitu cha dakika mbili, na hiki ndo kinaniuma.

Mtu atasema, mkufunzi, mbona TikTok inacheza bila shida? Inacheza kwa sababu unashusha, na kazi unapandisha, na kasi ya kupandisha kwa kawaida ni ndogo zaidi. MB 5 ni megabiti 40, maana baiti moja ni biti nane, kama unapandisha nusu megabiti kwa sekunde hizo ni sekunde 80 kama hakuna kukatika, na hiyo ni picha moja, wewe umebeba kumi na tano kwa mpigo. Ukichelewa sana mfumo unakutoa, unaambiwa ingia upya. Hapo sawa, lawama ni ya mtandao, ila ungezipunguza ukubwa zingepita. Na msizipunguze kwa kujitumia WhatsApp kama picha, inabana mpaka maandishi ya ubaoni hayasomeki, zitume kama dokumenti.

Majina ya faili haraka haraka, herufi na namba tu, msiweke alama za kuuliza wala mikwaju, hii /. Na ule ujumbe mwekundu mnaufunga kabla ya kuusoma, kwa nini? Piga skrinishoti uniletee, nikishauona nusu ya kazi imekwisha.

Video nilitaka niziseme lakini naona muda umeniishia. Mwenye faili lililogoma alete simu hapa mbele, tuanze na wewe dada wa sweta la bluu.