Kabla Hujashika Bisibisi: Mhadhara Juu ya Injini Ndogo Inayogoma

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo tuizungumzie injini ya treni ya mfano iliyogoma. Umeiweka relini, umeongeza spidi, nayo ama haitikisiki, ama inasogea kidogo na kusimama, ama inakwenda huku ikichechemea. Nitachukua injini ya mvuke ya magurudumu sita, 0-6-0, ya kipimo cha OO, kwa sababu wengi huanzia hapo. Kipimo hicho ni cha Waingereza: injini imepunguzwa takriban mara 76, na reli zake zimeachana milimita 16.5, sawasawa na za kipimo cha HO, cha 1:87, inayopendwa Ulaya bara na Marekani. Ndani mna mota ndogo ya volti 12 za mkondo mnyoofu.

Ninachowaomba ni hiki: usifungue injini kabla hujajua umeme wake unaishia wapi. Inaniuma sana kuona injini nzuri iliyoharibiwa na haraka ya mwenyewe. Vishikizo vya plastiki vinavunjika, waya mwembamba unakatika, springi ya brashi (kipande cha kaboni kinachopeleka umeme ndani ya mota) inaruka chini ya meza na haionekani tena, na kumbe tatizo lilikuwa vumbi kwenye reli.

Umeme unatoka kwenye kontrola, unapita kwenye waya, unaingia reli moja, unapanda magurudumu ya upande huo, unachukuliwa na vibati vyembamba vya shaba vinavyoyagusa kwa nyuma, unafika kwenye mota, kisha unarudi kwa upande wa pili. Popote mnyororo huo ukikatika, treni inasimama. Kwa hiyo weka injini nyingine, unayojua ni nzima, pale pale ilipokwama ya kwanza. Ikigoma nayo, achana na injini, shughulika na njia.

Chukua multimita upime volti kati ya reli mbili, karibu na waya unapoingia, halafu mbali. Lakini pima injini ikiwa juu ya reli inavuta umeme. Hili wengi hawaambiwi: bila mzigo, kiungo kibovu kinaweza kukuonyesha volti kamili na kukudanganya. Mzigo ukiwepo, ukasoma 12 huku na 8 kule, basi vibati vinavyounganisha vipande vya reli vimelegea au vimeshika uchafu. Dawa yake ya kudumu ni kulehemu waya wa ziada kwenye kila kipande.

Angalia pia inasimama wapi. Ikisimama mahali pale pale kila mara, shuku reli. Ikisimama popote, shuku injini. Mahali panaposumbua zaidi ni pale reli zinapogawanyika, kwani kwenye aina nyingi kitovu cha makutano ni cha plastiki na hakipitishi umeme. Injini fupi yenye ekseli tatu ikiwa na gurudumu moja chafu tu, hapo inazima.

Sasa uchafu wenyewe. Vumbi, mafuta na cheche ndogo kati ya gurudumu na reli hutengeneza utando mweusi. Ukiisukuma injini kidogo kwa kidole ikaondoka, kisha ukiiachia ikasimama, karibu kila mara ni mgusano huo. Tandika tishu iliyoloweshwa spiriti ya isopropili juu ya reli, weka ekseli moja juu ya tishu na nyingine kwenye reli tupu, ishikilie, acha magurudumu yazunguke, kisha igeuze. Msitumie msasa, tafadhali. Msasa huacha mikwaruzo, na mikwaruzo hukamata uchafu upesi zaidi. Vibati vya nyuma ya magurudumu navyo viguse kwa wepesi. Vikibana mno vinageuka breki.

Kama bado, igeuze miguu juu na upeleke waya mbili moja kwa moja kwenye mota. Ikiwa ina dikoda, yaani kibao kidogo cha elektroniki kinachopokea amri za mfumo wa kidijitali wa DCC, itoe kwanza, maana umeme wa nje kwenye mota utaiunguza. Mota ikizunguka vizuri, kosa liko kwenye vibati au waya wa ndani. Ikiguna na kupata moto bila kuzunguka, kuna kitu kimeibana. Ikinyamaza kabisa, tazama brashi za kaboni na komutata, ile sehemu ya shaba inayozunguka ikiguswa na brashi. Nyufa za komutata zikijaa weusi, zisafishe kwa kijiti cha meno chenye spiriti. Mara nyingi weusi huo umeletwa na mafuta yaliyozidi: tone dogo la ncha ya sindano kwenye kila ekseli linatosha.

Kuchechemea ni habari nyingine, na mimi hulipenda zaidi fumbo hili. Magurudumu ya kulia na ya kushoto hupangwa kwa tofauti ya nyuzi 90. Ekseli moja ikiteleza kidogo, vyuma vinavyounganisha magurudumu vinagombana, na injini inakwama mara moja katika kila mzunguko. Vitoe vyuma hivyo, uendeshe ekseli yenye gia peke yake. Ikilainika, umempata mhalifu, rekebisha pembe. Ikiendelea kugonga, ikague gia ya plastiki iliyobanwa kwenye ekseli. Gia hizo hupasuka kwa miaka, kwenye shina la jino, na ufa ni mwembamba kiasi cha kuhitaji kioo cha kukuzia. Gundi haishiki hapo, nunua nyingine.

Wenye DCC, jambo dogo: dikoda mpya hutoka kiwandani na anwani namba 3. Iite kwa namba hiyo kabla ya kusema imekufa.

Baada ya matengenezo iendeshe bila mabehewa, nusu saa mbele na nusu saa nyuma, kwa spidi ya kati. Mwenye injini yake hapa na ailete mezani, tuanze na magurudumu.