Kura saba zilizoikosesha Marekani Shirikisho la Mataifa

BARAKA: Haya wapendwa, tuko hewani. Leo tunaingia Washington, baada tu ya Vita Kuu ya Kwanza. Dada Zuhura, mimi shuleni habari hii nilipewa kwa sentensi moja: Rais Wilson wa Marekani alibuni Shirikisho la Mataifa, umoja wa nchi wa kulinda amani, nchi yake ikagoma kujiunga. Kengele ikalia.

ZUHURA: Sentensi haina kosa, ila imeficha mambo. Tarehe 19 Machi 1920 Seneti ilipiga kura kuhusu Mkataba wa Versailles, ule wa amani na Ujerumani, ambao ndani yake ndimo lilimokuwa shirikisho. Ndiyo 49, hapana 35.

BARAKA: Eh! Si ndiyo wameshinda?

ZUHURA: Wameshinda kwa hesabu ya kawaida. Lakini katiba yao inataka mkataba upite kwa theluthi mbili, yaani siku hiyo zilitakiwa kura 56. Zikapungua saba. Sasa niulize hao 35 ni akina nani.

BARAKA: Akina nani?

ZUHURA: Kumi na wawili ni wa chama pinzani, Republican wa msimamo mkali, kina William Borah wa Idaho. Hao hawakutaka shirikisho la aina yoyote ile. Waliobaki, 23, ni Democrat. Chama cha Wilson mwenyewe.

BARAKA: Acha bwana! Watu wake ndio waliouzika?

ZUHURA: Kwa agizo lake. Mkataba uliokuwa mezani ulibeba masharti yaliyoongezwa na Henry Cabot Lodge wa Republican, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje ya Seneti, na Wilson alishawaambia watu wake wasiupitishe hivyo. Democrat 21 walimkaidi, lakini hawakutosha.

BARAKA: Huyu Lodge ndiye aliyesoma mkataba mzima kwa sauti?

ZUHURA: Ndiye. Kiangazi cha 1919. Mkataba wa Versailles ni kitabu, kurasa zaidi ya mia mbili, una mambo ya mipaka, makaa ya mawe, reli, fidia. Mzee anaketi kwenye kamati anausoma neno kwa neno, wiki mbili. Wenzake wanatoroka mmoja mmoja, yeye anaendelea kusomea viti.

BARAKA: Alikuwa anakula muda.

ZUHURA: Kabisa. Alijua watu mwanzoni wanalipenda wazo, akataka lipoe. Huku Waairishi wa Marekani wanalalamika kwamba Uingereza na himaya yake watakuwa na kura sita kwenye shirikisho, wengine wanapiga kelele Japani kuachiwa jimbo la Shandong la Wachina. Kila siku inayopita inamwongezea Wilson adui.

BARAKA: Mimi lakini nitawatetea kidogo wapinzani. Ibara ya 10 ya shirikisho inasema wanachama watalinda mipaka ya kila mwanachama dhidi ya uvamizi. Mzazi wa Kansas ameshazika kijana Ufaransa. Anauliza, kesho wakipigana huko Balkani, nani anampeleka mdogo wake? Bunge letu au watu wa shirikisho kule Geneva? Hilo ni swali la haki.

ZUHURA: Ni la haki, na aliulizwa Wilson uso kwa uso. Agosti 1919 aliwaita wajumbe wa kamati Ikulu. Akawaambia wajibu wa Ibara ya 10 ni wa kimaadili, si wa kisheria. Seneta mmoja akambana: kama kila nchi itaamua yenyewe, basi ibara ina kazi gani? Seneta huyo alikuwa Warren Harding.

BARAKA: Harding aliyekuja kuwa rais!

ZUHURA: Huyo huyo. Na kwa kweli Wilson hakuwa na jibu zuri. Alisema wajibu wa kimaadili unazidi wa kisheria. Sasa kama unazidi, si ndiyo hofu yao imethibitishwa?

BARAKA: Alijifunga goli mwenyewe. Ndipo akapanda treni?

ZUHURA: Septemba. Karibu kilomita 13,000 kwenda magharibi, hotuba kila siku, hakuna vipaza sauti kwenye vituo vingi, na kichwa kinamgonga. Tarehe 25 alihutubia Pueblo, Colorado, usiku ule akazidiwa. Ziara ikavunjwa, treni ikageuzwa Washington. Tarehe 2 Oktoba kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Kuanzia hapo ukitaka kumfikia rais, unapita kwa mkewe, Edith.

BARAKA: Na ni wakati huo huo anatakiwa kuamua kama akubali masharti.

ZUHURA: Kiongozi wa Democrat kwenye Seneti, Hitchcock, alimfuata chumbani kumsihi walegeze. Mgonjwa akajibu kwamba Lodge ndiye alegeze. Hata Edith aliandika baadaye kwamba alimwomba mumewe akubali yaishe. Wapi! Mimi lawama kubwa naiweka hapo. Uingereza na Ufaransa zingeweza kuishi na yale masharti 14, walimtaka Mmarekani ndani.

BARAKA: Mimi naigawa. Lodge na Wilson walichukiana, na Wilson alikwenda Paris kujadili mkataba bila seneta hata mmoja wa Republican. Alitegemea nini?

ZUHURA: Alitegemea wananchi. Akasema uchaguzi wa 1920 uwe kura ya maoni kuhusu shirikisho. Harding akachukua asilimia 60.

BARAKA: Na huku kwetu ikawaje? Maana Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza chini ya shirikisho hilo hilo.

ZUHURA: Hapo ndipo nilipocheka. Mwaka 1921 Marekani ilifanya amani yake na Ujerumani, ikajitwalia haki zote za Versailles na kukataa shirikisho. Kisha 1925 ikasaini mkataba na Uingereza kuhusu Tanganyika: Wamarekani wapate huku haki zile zile walizopewa raia wa nchi wanachama. Biashara, mali, umisionari, vyote.

BARAKA: Bila kulipa ada.

ZUHURA: Hata senti.