Msaada wa mwanafunzi mwenye ulemavu unaanza kabla muhula haujafunguliwa

Mambo vipi wapendwa, karibuni tena kwenye chaneli. Mnajua huku nafanya kazi kwenye kitengo cha chuo kikuu kinachohudumia wanafunzi wenye ulemavu, na wengi mnadhani sisi tunanunua tu vifaa, kompyuta zinazoongea, basi. Hapana jamani, kazi yetu kubwa ni kalenda.

Chukua mwanafunzi asiyeona. Kitabu cha sayansi chenye hesabu na michoro kukigeuza kiwe nukta nundu (Braille, yale maandishi ya kupapasa kwa vidole) kunaweza kula miezi, sasa mhadhiri akitoa orodha ya vitabu siku ya kwanza ya muhula, huyu atasoma lini? Na usiniambie si tutamtumia PDF, kuna PDF ambazo ni picha tu za kurasa zilizoskaniwa, kisoma skrini (programu inayosoma maandishi ya kompyuta kwa sauti) kikifika hapo hakipati neno hata moja, mpaka ipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi halafu mtu akae aisahihishe. Wengine wanasingizia hakimiliki, wakati Mkataba wa Marrakesh wa 2013 ulitungwa kwa ajili hiyo hiyo, ili nakala za wasioona zitengenezwe bila kumwomba ruhusa mwenye kitabu kwenye nchi zilizojiunga.

Kwa viziwi ndo usiseme. Lekcha ndefu inataka wakalimani wawili wa lugha ya alama, wanapokezana kila dakika 20 au 30 hivi maana akili inachoka na tafsiri inaanza kuruka vitu, na slaidi wazipate mapema, huwezi kumtupia mtu istilahi za famasia mlangoni.

Halafu mpango usipangwe bila mwenyewe kuwepo. Wasioona wawili hawafanani, mmoja kazaliwa hivyo anasoma nukta nundu kama maji, mwingine kapoteza uoni ukubwani anategemea sauti tu. Muulizeni!

Sasa pa kufia mipango mingi ni kwenye utekelezaji. Barua ya mpango inasema mwanafunzi apewe muda wa ziada kwenye mtihani, barua imelala kwenye email ya mkuu wa idara, msimamizi wa mtihani hana habari, mwanafunzi anaanza kujieleza mbele ya ukumbi mzima (na maswali ni yale yale, usahihishaji ule ule, hajapendelewa na mtu). Mwenye disleksia (shida ya kusoma na kuandika maneno) au kifafa ndo anateseka zaidi, kwa sababu wakimwangalia wanaona mzima. Ndo maana mi nang'ang'ania kila mpango uwe na jina la mtu anayewajibika, na wiki chache baada ya masomo kuanza wakae tena waone kipi hakifanyi kazi.

Kwa hiyo kama una mdogo wako kapata chuo, asisubiri siku ya kuripoti, akishapokea barua ya udahili tu awaandikie kitengo kama chetu cha chuo chake, aombe orodha ya vitabu, na aulize siku ya mtihani nimtafute nani.