Mkikwama, Mnampigia Nani?

Ndugu zangu, asanteni kwa kunialika. Nyinyi mnaingia kwenye kazi ya kuzitafutia kampuni wafanyakazi, na karibu kila anayeanza huniuliza swali moja: "Mimi sina mtu yeyote mkubwa ninayemjua, nitaweza kweli?" Nitalijibu, ila ndani yake mna dhana ambayo lazima tuitoe kwanza.

Wengi hudhani mtandao wa watu unathaminiwa kwa vyeo vya waliomo. Ukiwa na namba za wakurugenzi kumi, basi mambo yamenyooka. Mimi nawapima watu kwa mambo mawili tu: je, anapokea simu yangu, na je, ataniambia kweli kuhusu mtu mwingine? Mkurugenzi asiyepokea ni jina tu ndani ya simu. Fundi mitambo anayekwambia, "Yule ni hodari, ila ukimweka chini ya bosi wa kufokafoka hamalizi miezi miwili," amekupa jambo ambalo hutalikuta kwenye wasifu wowote.

Tazameni fedha ya kazi hii inavyoingia. Wakala wengi hawalipwi mpaka mtu waliyemleta ameajiriwa, na ada huhesabiwa kwa asilimia ya mshahara wake wa mwaka wa kwanza. Akiondoka ndani ya kipindi cha dhamana, yaani muda ambao wakala amehakikisha kwamba mtu huyo atabaki, wakala hurudisha sehemu ya fedha au hutafuta mwingine bure. Kwa hiyo hulipwi kwa jasho, unalipwa kwa kupatia. Sasa, tangazo la kazi litakuletea rundo la maombi, na watu wazuri wamo, sikatai. Lakini yule ambaye mteja, yaani kampuni inayoajiri, anamtaka hasa, mara nyingi hasomi matangazo. Yuko kazini, mshahara unaingia, hana shida na mtu. Huyo utamjua kwa kutajwa.

Nani atamtaja? Hapa ndipo wengi wetu tunapotea, maana tunakimbilia marafiki wa karibu. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichunguza jinsi wataalamu na mameneja wa mji wa Newton, karibu na Boston, walivyopata kazi zao, na makala yake mashuhuri ikatoka mwaka 1973. Aliwauliza waliopata kazi kupitia mtu kama walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Ni asilimia 17 hivi tu waliosema ndiyo. Zaidi ya asilimia 55 walionana naye mara mojamoja, zaidi ya mara moja kwa mwaka lakini chini ya mara mbili kwa wiki, na karibu asilimia 28 walionana naye mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Sababu yake haina uchawi: rafiki wa karibu mnakaa pamoja, mnasikia yaleyale, mnawajua walewale. Aliye mbali nawe kidogo anaishi katikati ya watu wengine, na habari zake ni ngeni kwako.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha majaribio yaliyofanywa kwenye LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, yakihusisha watu zaidi ya milioni 20. Yaliunga mkono wazo hilo, lakini yakaliwekea kipimo: waliosaidia zaidi watu kuhama kazi walikuwa wale wa umbali wa kadiri. Usiyemjua kabisa hakusaidii sana. Nami nakubali, kwa sababu mtu asiyekujua kabisa hana sababu ya kukuamini na jina la mwenzake.

Basi ukimpata huyo wa umbali wa kadiri, unamwambia nini? Tafadhali usimuulize, "Unataka kazi?" Swali hilo linamtia hofu, hasa akiwa ofisini na mwenzake kaketi pembeni. Tena usiulize, "Unamjua mhasibu mzuri?" Atakutajia binamu yake. Mimi nauliza hivi: "Mkikwama kwenye hesabu za kodi, mnampigia nani?" Hapo mtu hafikirii upendeleo, anakumbuka tukio. Anakutajia aliyewatoa kwenye shimo. Kisha namuuliza mwingine wa kampuni tofauti swali lilelile, na mwingine tena. Jina likirudi kutoka kwa watu wasiojuana, nalipigia mstari. Na ukishamaliza kuuliza, nyamaza. Vijana mna haraka ya kujaza kimya, na jina la pili, ambalo mara nyingi ndilo zuri zaidi, huja baada ya kimya hicho.

Kuna mtego mmoja. Ukiwategemea unaowajua peke yao, utamletea mteja watu waliosoma ulikosoma, wanaoongea unavyoongea, na ataona unamrudishia sura moja kila mara. Kwa hiyo jina la kutajwa lipite kwenye usaili uleule na maswali yaleyale kama la aliyeomba kupitia tangazo. Ndugu yako akiwa miongoni mwao, mwambie mteja mapema, kabla hajagundua mwenyewe.

Mengine nitayataja upesi. Usipeleke wasifu wa mtu popote bila ruhusa yake. Unaweza kumfukuzisha kazi. Ukihama kutoka wakala mmoja kwenda mwingine, soma mkataba wako kabla ya kuwapigia wateja wa zamani, maana wengi huwekewa kipengele cha kuwazuia kwa muda. Na usimtoze mtafuta kazi fedha ya "kumuunganisha". Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza wakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada, isipokuwa kwa vighairi vichache vinavyoruhusiwa na mamlaka. Anayelipa ni mwajiri.

Nirudi kwa asiyemjua mkubwa yeyote. Una watu uliosoma nao, uliofanya nao kazi za muda, uliocheza nao timu moja, uliosimamiwa nao. Andika majina yao, na mbele ya kila jina andika anafanya kazi gani sasa na lini mlizungumza mara ya mwisho. Waliosahaulika ndio wa kuanza nao. Usiwapigie wote wiki moja kwa sababu una nafasi ya kujaza. Wapigie kabla hujahitaji kitu.

Na wale uliowafanyia usaili wakakosa? Hapo ndipo wakala wengi hufunga mlango wenyewe. Mwombaji husubiri jibu, halipati, anakata tamaa na wewe milele. Mpigie siku ileile mteja anapoamua, mweleze kwa nini mwingine alichaguliwa, halafu muulize kazini kwake wakikwama humpigia nani. Wapo watakaokasirika na kukata simu. Wengine watakutajia jina papo hapo.