Kupanda Mawimbi Asubuhi na Masahiba wa Zamani, Ghuba ya Malindi

Assalam aleikum, karibuni. Hao wanne unaowaona nyuma yangu wakigombania ubao mmoja nilisoma nao tangu darasa la tatu. Leo mdogo wetu ana miaka 47. Kwa hiyo kama umekuja kutafuta sarakasi za vijana, video hii siyo. Hii ni ya watu wazima wenye magoti yao, wanaotaka kuingia majini jua likichomoza, wacheze saa moja na nusu, kisha watoke wote wazima wakanywe chai.

Hatua ya kwanza haifanyiki ufukweni. Inafanyika siku mbili kabla, usiku, unapotoka uani kutazama mwezi.

Wengi hukimbilia bamvua, zile siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, kwa sababu maji ni mengi. Sisi pia tulifanya hivyo miaka mingi, kazi ikawa kulaumu mbao. Pwani hii, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na kupwa kwenye saa 4 asubuhi. Ukifika na jua, maji yanakukimbia, na yanakimbia kwa nguvu. Ngojea maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana: siku ya 8 au 9 tangu mwezi kuandama, ama ya 22 au 23, mwezi ukiwa nusu. Hapo mambo hugeuka. Maji yamekupwa alfajiri, saa 1 asubuhi yako nusu yakijaa polepole, na mkondo hauna ubavu wa kukuchukua. Kama hesabu ya mwezi huna, muulize mvuvi yeyote, au fungua jedwali la maji kwenye simu. Lakini kumbuka nyakati husogea kama dakika 50 kila siku, hivyo saa ya Jumamosi iliyopita usiitumie Jumamosi hii.

Msimu ni kusi, upepo wa kusini. Julai na Agosti ndipo mawimbi ya hapa huwa mawimbi kweli. Kaskazi, ule wa kaskazini, ikiingia, ubao wangu mimi hupanda juu ya kabati. Na kwa nini asubuhi? Kwa sababu kusi nayo huchelewa kuamka. Alfajiri bado kuna umande, ule upepo mwepesi unaotoka bara. Unalipiga wimbi usoni, linasimama vizuri kabla ya kuanguka. Subiri mpaka saa 4 uone bahari ilivyovurugika.

Geuza kamera huku kidogo. Kule kusini, ile nyeupe, ni nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa 1498. Upande wa pili, kaskazini, Mto Sabaki unamwaga maji yake. Mto huo ndio unaotupa mchezo. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina mwamba, mawimbi yanavunjikia huko nje na kufika ufukweni yamechoka. Matumbawe hayapendi tope wala maji baridi ya mto, yaani yasiyo na chumvi, basi hapa ghubani mwamba umeacha nafasi, na wimbi linaingia moja kwa moja hadi mchangani. Ndiyo maana maji unayaona ya rangi ya chai ya maziwa. Si uchafu, ni udongo wa bara.

Sasa ubao. Chukua mrefu na mpana, futi 8 au 9, wa sponji. Acha aibu. Ubao mfupi unataka mikono yenye nguvu na mgongo wa miaka 20. Sisi mbele tunaita omo na nyuma tezi, kama chombo chochote. Kamba ya mguuni funga mguu utakaokaa upande wa tezi, juu ya kifundo, isicheze. Pakaza nta pale miguu itakaposimama, kwa kuzungushazungusha mkono mpaka uhisi vijinundu.

Kabla hujalowa, kaa chini dakika kumi utazame. Hii hatua rafiki zangu huichukia. Unaona pale povu linapokatika, maji yametulia na yana weusi kidogo, hakuna wimbi linalovunjika? Mgeni ataona hapo ndipo pazuri pa kuingilia. Hapo ndipo maji yote yaliyoingia yanaporudia baharini. Ukijikuta ndani ya mkondo huo usishindane nao. Ubao usiuachie, lala juu yake, piga mikono kufuata ufuo, kushoto au kulia, mpaka ufike kwenye povu, kisha povu likurudishe.

Mazoezi ya mchangani. Sogea karibu, hii nataka uione vizuri. Nalala kifudifudi, vidole vya miguu vinagusa tezi. Viganja vyangu viko wapi? Chini ya mbavu, vimelala bapa kama unasukuma chapati. Sikushika kingo za ubao. Ukishika kingo, ubao utapinduka nawe. Nasukuma kifua juu, navuta goti la nyuma liguse ubao, napitisha mguu wa mbele katikati ya mikono, ndipo nasimama, magoti yamekunjwa. Walimu wa mchezo huu watakwambia goti lisiguse, uruke mara moja. Wana haki yao, na mimi nina goti langu. Rudia mara kumi.

Na macho! Tazama unakokwenda. Huyu mwenzetu mwenye kofia alitumia msimu mzima akitazama vidole vyake, na kila mara alikwenda kusalimia mchanga.

"Yakhe, hiyo ungeiacha!"

Nimeshaisema. Twende.

Ukiingia, buruta nyayo, usinyanyue miguu kama unayevuka mtaro. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujilaza mchangani, ukimsogelea hivi ataondoka mwenyewe. Ubao uwe ubavuni mwako, kamwe usiwe kati yako na wimbi, utakupiga meno. Maji yakifika kifuani, geuka uelekee ufuoni, lala juu ya ubao na usubiri. Wimbi linalokufaa ni lile lililovimba lakini halijavunjika. Likiwa hatua kama kumi nyuma yako, anza kupiga mikono, mapigo marefu. Tezi ikinyanyuka, ongeza mapigo mawili zaidi. Hayo mawili ndiyo watu huyasahau, kisha wanasema wimbi limewapita.

Adabu ya majini ni fupi: aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye wimbi, wengine tunampisha. Kwa wageni tunaifuata bila kujadili. Kati yetu sisi kuna wimbi moja ambalo sheria hii hulala, nalo ni la mwisho.

Hilo hufanywa hivi. Chagueni dogo, la kiunoni. Jipangeni kwa upana, nafasi kati ya mtu na mtu izidi urefu wa ubao. Mmoja tu ndiye anayetoa amri. Wote mnakwenda moja kwa moja kuelekea ufuoni, hakuna kukata kona. Ukianguka, anguka bapa, kamwe si kwa kichwa, na uibuke mikono ikiwa juu ya kichwa, kwa maana mbao za wenzako bado zinapita. Kule Waikiki, Hawaii, watu huteleza wengi kwenye wimbi moja tangu zamani, kwa hiyo hatukubuni kitu.

Tazama sasa. Wa kwanza amesimama. Wa pili kapiga magoti, anahesabika. Mwenye kofia anatazama mbele, mashallah, anatazama mbele! Yule wa mwisho yuko chini lakini anacheka, usiwe na wasiwasi.

Mkitoka, suuzeni mbao kwa maji baridi na muziweke kivulini, jua hulifungua sponji kwenye gundi. Chai ya tangawizi iko kwenye chupa, mbaazi bado za moto. Ninaizima kamera hapa, kwa sababu mahamri naona yamebaki matatu na sisi tuko watano.