Hamisha picha za kamera kwenda kompyuta, na kadi usiifute kwanza

Habari zenu wapendwa, karibuni. Leo nipo Mwanga, hapa Kigoma mjini, na mezani nina kadi yenye picha za harusi ya Ujiji. Tunazihamishia kwenye kompyuta.

Zima kamera kwanza. Ile taa ndogo karibu na mlango wa kadi ikiwaka, subiri, maana kamera bado inaandika. Ukichomoa hapo, picha ya mwisho inaharibika, na wakati mwingine kadi nzima.

Unaweza kutumia waya wa USB, haina shida, ila betri ya kamera iwe imejaa. Mimi napenda kadi rida, kile kifaa cha kusomea kadi kinachochomekwa kwenye kompyuta: ni ya bei nafuu na kamera inapumzika.

Sasa sogeeni muone. Geuza kadi upande wenye maandishi. Ubavuni kushoto kuna kiswichi kidogo kama punje ya mchele. Kisukume chini, palipoandikwa Lock. Kadi sasa inasomeka, lakini haiandikiki wala haifutiki. Kama huna kompyuta yako na unakwenda steshenari, usiruke hatua hii. Kompyuta inayochomekwa fleshi za mtaa mzima huwa na virusi vya kuficha mafaili, na wewe kesho unairudisha kadi hiyohiyo kwenye kamera. Kadi ndogo za maikro (microSD) hazina kiswichi. Tazama kwenye adapta yake, ile kadi kubwa inamochomekwa.

Chomeka. Fungua kadi, ingia folda ya DCIM; kamera karibu zote huweka picha humo. Ndani kuna folda nyingine inayoanza na namba, mfano 100.

Kwenye kompyuta tengeneza folda mpya. Iite kwa mwaka, mwezi, siku, kisha shughuli, ili zijipange zenyewe. Usimwage kila kitu kwenye folda moja: namba za kamera zikifika 9999 zinaanza upya, na utajikuta na picha mbili zenye jina moja.

Rudi kwenye kadi. Bonyeza Ctrl na A kuchagua zote, Ctrl na C kunakili, kisha kwenye folda yako Ctrl na V. Nakili, usikate! Umeme ukizimika katikati ya kukata, huna uhakika nini kimebaki wapi. Ukinakili, unaanza upya tu.

Zikiisha, linganisha idadi ya mafaili pande zote mbili. Fungua chache uzikuze, hasa za mwisho. Kisha nakala ya pili iende kwenye hadidiski ya nje. Kujitumia kwa WhatsApp kama picha za kawaida si nakala, zinapunguzwa ubora.

Toa kadi kwa kubofya Eject. Nakala mbili zikishakuwepo, rudisha kiswichi juu na ufomati kadi, yaani uifute yote, ndani ya kamera yenyewe, siyo kwenye kompyuta. Kiswichi kikisahaulika, kamera itagoma kupiga, na maharusi ndiyo kwanza wanaingia ukumbini.